Jina Lililovuja Ndani ya Faili: Kisa cha Katibu wa Jarida Ambaye Hakuwahi Kufundishwa

Jarida lenye kisa hiki ni dogo. Hutoka mara mbili kwa mwaka. Lina mhariri mkuu, manaibu wawili, bodi ya watu tisa ambao wengi wao huwaoni mpaka siku ya kikao, na katibu mmoja. Ofisi yake iko kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Chuo sikitaji, wala wahusika siwataji. Walinikubalia nieleze kwa sharti hilo. Mimi ni msanifu wa lugha wa jarida hilo na ni mjumbe wa bodi. Naandika kwa sababu nimeona mambo ya namna hii yakiitwa "uzembe wa katibu" katika zaidi ya ofisi moja, na naamini yanaitwa jina lisilo lake.

Kilichotokea

Mhadhiri mmoja alileta makala. Utaratibu wetu ni wa pande mbili zisizojuana: mhakiki, yaani msomi anayeipima makala kabla haijachapishwa, hamjui mwandishi, na mwandishi hamjui mhakiki. Katibu akaondoa ukurasa wenye jina, akaipa makala namba, akaituma kwa wahakiki wawili aliowachagua naibu mhariri. Wa kwanza alijaza fomu na kuirudisha. Wa pili alikuwa na bidii kuliko wengi. Alilifungua faili lenyewe la Word, akaweka maoni pembeni ya kurasa, zaidi ya thelathini, akarekebisha hata majumlisho ya majedwali. Maoni yalikuwa makali, lakini ya haki. Alisema sampuli haiwezi kubeba hitimisho lililotolewa, na kwamba nadharia imetajwa mwanzoni kisha ikasahauliwa.

Katibu alilipokea faili hilo Jumatano mchana, akaliambatisha pamoja na ile fomu, akamtumia mwandishi. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwa miaka sita.

Saa nne usiku mwandishi akafungua kiambatisho. Kando ya kila maoni, Word ilikuwa imeandika jina la aliyeyaweka, majina mawili kamili. Lilikuwa jina la mtu aliyemsimamia tasnifu yake ya uzamili, ambaye hadi leo hukutana naye kwenye foleni ya chakula cha mchana.

Asubuhi mwandishi hakupiga simu kwetu. Alimpigia mhakiki. Mhakiki mwenyewe ndiye aliyenisimulia: "Aliniamkia, nikamwitikia, akakaa kimya. Halafu akaniuliza, Mwalimu, kwa nini hukuniita ukaniambia?" Mhakiki akampigia mhariri mkuu. Mhariri mkuu akashuka ngazi hadi ofisi ya katibu. Kufikia saa tano hapakuwa na mtu kwenye ghorofa ile ambaye hakuwa na habari.

Katibu hakuliona kosa mara moja, na hapa pana jambo la kulitazama vizuri, kwa sababu wengi walilichukulia kuwa ni ubishi. Yeye ndiye aliyemtumia mhakiki makala. Anamjua. Alipofungua faili na kuona jina lile pembeni, halikumshtua, kama vile jina la mwenye barua lisivyomshtua tarishi. Siri huonekana kuwa siri kwa mtu asiyeijua. Anayeishi nayo kila siku anahitaji kufundishwa kuiona kwa macho ya yule wa upande wa pili, na hilo halimjii mtu lenyewe.

Alipoelewa, alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alibaki ofisini mpaka jioni akifungua barua alizotuma kwa miaka miwili, kiambatisho kimoja baada ya kingine. Akapata mafaili 11 yaliyokuwa na majina ya watu ndani yake, mengine kwenye maoni ya pembeni, mengine kwenye taarifa za faili ambazo huzioni mpaka uzitafute. Akayaorodhesha, akachapa, akaipeleka orodha kwa mhariri mkuu kabla ya kwenda kupanda mwendokasi kurudi Kimara. Mtu mzembe hatengenezi orodha kama ile.

Kikao

Bodi ilikutana Jumatatu. Pendekezo la kwanza lilikuwa barua ya onyo. La pili lilikuwa kwamba mhariri mkuu apelekwe kwenye mafunzo ya maadili ya uchapishaji, ili jambo hili lisijirudie. Niliyapinga yote mawili, na niliomba kwanza tuangalie kumbukumbu.

Katika miaka mitano chuo kilikuwa kimepata nafasi katika warsha tatu za uhariri wa majarida. Waliohudhuria walikuwa mhariri mkuu na manaibu wake. Vyeti viko ukutani. Warsha moja ilifanyika hapahapa chuoni kwetu, na mtu aliyetafuta ukumbi, akaagiza chai na vitafunwa, akaandaa karatasi ya mahudhurio na kusainisha posho, alikuwa katibu. Siku mbili alikuwa nje ya mlango wa chumba ambamo watu walikuwa wakifundishwa kazi anayoifanya yeye.

Sisemi wahariri wakuu hawana haja ya kujifunza. Wana haja kubwa. Lakini mhariri mkuu wetu hajawahi kutuma faili la mhakiki kwa mwandishi, hata mara moja. Hajui kitufe kiko wapi, na hana sababu ya kujua. Alifundishwa mambo ya uamuzi, naye huyatumia. Mambo ya mikono alielezwa pia, akayaandika kwenye daftari, akarudi nalo nyumbani.

Hati ya majukumu ya katibu ilikuwa na mistari mitatu: kupokea na kusambaza miswada, kutunza kumbukumbu, na kazi nyingine atakazopangiwa. Neno "siri" halimo. Neno "mhakiki" halimo. Ukitaka kumpa mtu onyo lazima uoneshe alichoambiwa akakikiuka, na sisi hatukuwa na cha kuonesha.

Ndipo mjumbe wetu mkongwe, mama aliyestaafu ualimu wa chuo miaka mingi iliyopita, akasema, "Zamani haya hayakuwapo." Nakiri nililisikia kama malalamiko ya kawaida ya wazee kuhusu kompyuta. Lakini aliendelea. Zamani mhakiki aliandika kwa kalamu pembeni ya mswada. Mwandiko wa mtu unajulikana, hasa katika mji ambamo wanaoandika fani moja ni wachache. Kwa hiyo mpiga chapa wa ofisi aliyapiga upya maoni yote kwa taipureta, kwenye karatasi safi, juu akiandika "Mhakiki A" au "Mhakiki B". Kazi hiyo waliiita kusafisha maoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa unadhifu: mwandiko wa maprofesa haukusomeka.

Nadhani hilo ndilo lililokuwa la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Ulinzi ulikuwapo, ila haukuandikwa popote kama ulinzi. Ulikuwa ndani ya kazi ya mtu wa cheo cha chini. Kompyuta zilipokuja, maoni yakaanza kufika yakiwa yamechapwa vizuri, haja ya kuyapiga upya ikaisha, mpiga chapa akastaafu. Aliyechukua nafasi yake alirithishwa ufunguo wa kabati, neno la siri la barua pepe na daftari la miswada, kaunta buku ya kwaya tatu. Kusafisha maoni hakurithishwa, kwa sababu kila mtu alidhani kulihusu mwandiko.

Ufundi huu si mgeni katika mji huu. Tanganyika Notes and Records lilianza kutoka hapa Dar es Salaam mwaka 1936. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mizizi yake ni taarifa za ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na limefika hapa likipita mikononi mwa wahariri na wapiga chapa wa vizazi kadhaa. Watu walijua kazi. Ila waliirithishana mezani, kwa kukaa pamoja, na kile kinachorithishwa kwa kukaa pamoja hupotea siku meza ikikaa wazi mwezi mmoja.

Kwingineko waliandika. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver mwaka 1978 wakakubaliana namna moja ya kuandaa miswada, na kundi hilo ndilo lililokuja kuwa kamati inayojulikana kwa kifupi ICMJE. Wahariri wa sayansi wa Ulaya wakaunda chama chao, EASE, mwaka 1982. Mwaka 1997 kikundi kidogo cha wahariri wa tiba nchini Uingereza kikaanzisha COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo leo michoro yake ya hatua kwa hatua hutumiwa na majarida ya kila fani. Ni kazi kubwa na nzuri, nami huitegemea. Lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo humsemesha mhariri: ukigundua hili, fanya lile. Ofisini kwetu anayegundua ni mwingine, na yuko dirishani, karibu na mlango.

Bodi haikutoa onyo. Ilikubali mambo mawili: kurekebisha tuliyoyaharibu, na kumfundisha katibu akiwa mezani kwake, kwa kazi yake mwenyewe.

Kurekebisha

Mhariri mkuu aliwaandikia mwandishi na mhakiki barua mbili tofauti siku hiyohiyo. Hakuandika "hitilafu ya kimfumo". Aliandika kwamba ofisi ya jarida ilishindwa kutunza siri iliyoahidi kuitunza, akaeleza jinsi ilivyotokea, akaomba radhi. Makala ikapelekwa kwa mhakiki wa tatu nje ya mji, kwa sababu maoni ya yule wa pili, hata yangekuwa ya haki kiasi gani, sasa yangesomwa kama ugomvi wa watu wawili wanaojuana.

Yale mafaili mengine 11 yalitusumbua zaidi. Mjumbe mmoja alisema tusiamshe waliolala. Huenda waandishi hawakuona kitu. Mimi niliona jina ni la mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetukumbusha Watanzania kwamba taarifa za mtu zikiwa mikononi mwako ni amana. Wahakiki wale walitupa muda wao bure kwa ahadi moja tu. Tukawaandikia wote. Wengi walijibu kwa upole.

Lakini orodha ya katibu ilikuwa na jambo jingine ambalo hatukulitarajia. Mafaili mawili kati ya yale 11 yalikuwa na jina la mtu ambaye hakuwa mhakiki. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa mhakiki. Kumbe makala ya mtu, ambayo haijachapishwa, ilikabidhiwa kwa mwanafunzi bila ofisi kuambiwa, naye ndiye aliyeandika maoni. La pili lilikuwa jina la mwenye kompyuta ya kuazima. Hebu fikiri mwandishi angelishika jina hilo la pili na kumfuata mtu asiyehusika kwa lolote! Tangu hapo barua yetu ya mwaliko ina sentensi inayosema: ukitaka kusaidiwa na mwenzako katika uhakiki, tuambie kwanza jina lake.

Alhamisi

Tulichagua Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri, kwa wiki 12. Hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na posho. Kilichotumika ni miswada iliyokuwa mezani wiki hiyo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kusafisha maoni, tukilirudisha jina lile la kale makusudi. Ndani ya Word kuna sehemu iitwayo Inspect Document. Unafanya nakala ya faili kwanza, unaiendesha, unaondoa taarifa binafsi, na majina yote ya pembeni hugeuka kuwa neno moja, Author. Kazi ya dakika moja. Siku ile ya kwanza katibu alibofya mstari wa juu yake, ule wa kufuta maoni, na maoni yote ya mhakiki yakatoweka. Ndiyo maana nasisitiza nakala. Baada ya hapo akajifunza kutazama taarifa za faili la PDF, na jina la faili lenyewe, maana wahakiki hupenda kuyaita mafaili yao "Maoni ya" kisha jina lao. Upande wa waandishi akajifunza kutafuta sentensi kama "katika utafiti wangu wa awali", ikifuatiwa na jina na mwaka. Kuondoa ukurasa wa kwanza hakutoshi ikiwa ukurasa wa nne unajitambulisha.

Kuna waliodhani mfumo wa mtandaoni ungetuokoa. Tunatumia OJS, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2001 na mradi ulioanzishwa na John Willinsky huko Kanada, na ambayo majarida mengi ya Afrika huitumia. Ni mfumo mzuri. Huficha majina kwenye kurasa zake, lakini jina lililo ndani ya faili halifuti. Mtu lazima alifute.

Kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote hakikuwa kompyuta. Kilikuwa simu.

Katibu wetu ana stashahada ya uhazili. Wahakiki wetu ni wahadhiri waandamizi na maprofesa. Mhakiki akikaa na makala miezi minne, mwenye kazi ya kumkumbusha ni yeye. Nilikaa kando akipiga.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Profesa. Pole na majukumu."

"Tumeshapoa. Watoto hawajambo?"

Zikapita habari za nyumbani na za mvua. Kisha Profesa akasema mwenyewe, "Nakumbuka ule mzigo wenu. Nitaushughulikia." Katibu akasema, "Ahsante sana, Profesa, samahani kwa usumbufu." Simu ikakatika. Tarehe haikutajwa.

Warsha zote nilizohudhuria zilikuwa na ushauri mmoja juu ya hili: kuwa na msimamo, mkumbushe mhakiki kwa uthabiti. Ushauri huo umetoka mahali ambapo msaidizi wa mhariri humwita profesa kwa jina lake la kwanza. Hapa kwetu, ukishamwamkia mtu naye akakuita mwanangu, mlango wa kumwambia amechelewa siku tisini umefungwa, na kuulazimisha ni kukosa adabu. Kumfundisha katibu "uthabiti" ni kumtaka achague kati ya kazi yake na malezi yake. Nilikataa kulifundisha hilo.

Tulichofanya ni kuiachia kalenda iseme. Barua ya mwaliko, yenye saini ya mhariri mkuu, sasa hutaja siku 21 na kuandika tarehe yenyewe ya mwisho. Mfumo hutuma ukumbusho wenyewe kabla ya tarehe hiyo na siku inapofika. Zikipita siku 30 makala huhamishiwa kwa mwingine, na mhariri mkuu hutuma barua ya shukrani isiyo na lawama. Katibu hapigi tena simu kudai. Hupiga kuuliza, "Profesa, nikuongezee siku ngapi?" Swali hilo lina heshima yote inayotakiwa, na haliwezi kujibiwa bila namba. Lilibuniwa na yeye, wiki ya tano. Mimi nisingelifikiria.

Majina yalitugharimu Alhamisi mbili. Mfumo huuliza jina la kwanza na jina la ukoo, kana kwamba kila mtu duniani analo. Mwandishi wetu mwenye jina lake, la baba na la babu huandikwa mara hivi, mara vile. Tukakuta mhadhiri mmoja amekuwa watu watatu katika majuzuu yetu: kwenye toleo moja anatajwa kwa jina la babu, kwenye jingine kwa la baba, kwenye la tatu jina la baba limekuwa herufi moja. Anayehesabiwa makala ili apande daraja anapotezewa jasho lake na sisi. Tukakubaliana kwamba mwandishi mwenyewe ndiye aamue jina lake liandikweje, na kila mmoja aombwe namba yake ya ORCID, ile yenye tarakimu 16 iliyoanza kutolewa mwaka 2012, ambayo hubaki ileile hata jina likibadilika kwa ndoa au kwa sababu nyingine. Kwa wasomaji wanaodhani haya ni mambo madogo: jina la mtu likikosewa leo kwenye kumbukumbu za DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni, kosa hilo husafiri kila mahali kumbukumbu hizo zinakosomwa.

Ripoti ya kufanana kwa maandishi, ile inayotolewa na programu ya kutafuta wizi wa maandishi, ilikuwa na hatari ya aina yake. Katibu alikuwa ameambiwa zamani, kwa mdomo, kwamba makala ikizidi asilimia 20 irudishwe. Akaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu. Tulizifungua ripoti tukasoma, badala ya kutazama namba ya juu. Moja ilikuwa na asilimia kubwa kwa sababu marejeleo yote yalihesabiwa, pamoja na vifungu vya sheria vilivyonukuliwa kihalali. Nyingine ilikuwa na asilimia ndogo sana, na aya nne za utangulizi zilikuwa tafsiri ya moja kwa moja ya makala ya Kiingereza. Programu hulinganisha maneno. Mtu aliyeiba kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili anaipita akitembea. Anayeweza kumkamata ni msomaji anayeijua fani, kwa hiyo tulibadilisha utaratibu: katibu huandaa ripoti na kuweka alama palipo na mashaka, naibu husoma na kuamua.

Juu ya kuongeza waandishi nitasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe ni fupi ingawa lina aibu. Katibu alieleza kwamba aliwahi kupigiwa simu, makala ikiwa imeshakubaliwa, aongeze jina la mkuu wa idara. Akaongeza. ICMJE ina masharti manne ya kuitwa mwandishi: kuchangia kwa uzito katika ubunifu wa utafiti, data au ufafanuzi wake, kuandika au kuihariri kazi kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Mkuu yule hakuwa na hata moja. Sasa kuna fomu: kila badiliko la waandishi linahitaji maelezo ya sababu na saini za waandishi wote, wa zamani na wapya, na huamuliwa na mhariri mkuu. Katibu akipigiwa simu ana jibu moja la adabu, kwamba atatuma fomu sasa hivi.

Alhamisi ya tisa ndipo alipouliza, kwa sauti ndogo, kuhusu faili la PDF. Miaka miwili nyuma mwandishi alimwandikia kwamba jedwali la makala yake iliyokwisha kuchapishwa lina kosa. Katibu akapokea faili jipya akalibadilisha kimyakimya kwenye tovuti. Alidhani amefanya wema. Nikamweleza kwamba waliokuwa wameshalipakua la kwanza na kulinukuu wameachwa na namba ambazo hazipo tena, na hakuna alama inayoonesha kilichobadilika. Kosa dogo hutolewa masahihisho, yenye tarehe, yaliyounganishwa na makala. Kosa linalovunja matokeo yenyewe huweza kufikia kubatilisha makala, na COPE imekuwa na mwongozo wa hilo tangu mwaka 2009. Hata hapo makala haifutwi, hubaki ikiwa na tangazo juu yake ili msomaji ajue. Tulichapisha masahihisho ya jedwali lile miaka miwili baada ya kosa. Mwandishi wake hakupinga.

Sikuona aibu usoni mwake aliposimulia hayo, na nilifurahi. Wiki za mwanzo alikuwa akificha. Mtu aliyewahi kuponea chupuchupu barua ya onyo hujifunza kwanza kutosema, na ofisi ambayo katibu wake hasemi haiwezi kujua makosa yake. Ningetakiwa kutaja faida moja tu ya Alhamisi zile, ningetaja hiyo.

Palipobaki pabaya

Mwandishi yule aliifanyia kazi makala yake, akaongeza sampuli, ikachapishwa mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya mabadiliko aliyoyafanya ni yale aliyoshauriwa na mhakiki wa pili. Hakulitaja hilo, nasi hatukuuliza.

Katibu bado ni wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kwenye orodha ya watumishi anahesabiwa kama karani. Bodi imeomba cheo chake kitambuliwe kuwa cha uhariri, apate nafasi yake katika bajeti ya mafunzo. Jibu lililokuja ni kwamba fungu la mafunzo ni la wanataaluma. Niliandika tena, nikaambatisha hati mpya ya majukumu, kurasa tatu badala ya mistari mitatu. Akiondoka kesho atakayekuja atakuta hati hiyo, na atakuta kaunta buku mpya ambamo katibu ameandika kila Alhamisi kwa mwandiko wake, kwa Kiswahili, na mfano wa kosa alilolifanya yeye mwenyewe kando ya kila hatua. Ni zaidi ya alichokikuta yeye alipoingia. Hakitoshi.

Mhakiki wa pili hakurudi. Alikuwa msomaji wetu bora katika fani ile, na kwa miezi 14 mialiko yetu ilijibiwa kwa "nimezidiwa na kazi". Mwezi huu imekuja makala ambayo hakuna mwingine hapa nchini wa kuihakiki vizuri kuliko yeye. Katibu aliomba aandike mwaliko mwenyewe, badala ya kutumia barua ya kawaida. Alinionesha kabla ya kutuma. Chini ya tarehe alikuwa ameongeza sentensi moja: "Mwalimu, faili lako nitalisafisha mimi, kwa mkono wangu, na nitakutumia nakala ulione kabla halijaenda kwa mwandishi."

Sikubadilisha hata nukta. Ilitumwa Jumatatu. Mpaka ninapoandika haya hajajibu.